Pumzi ya Upande wa Kushoto

Kiwandani kila mfanyakazi alipewa pakiti ya sigara akitoka getini. Msimamizi wetu, tuliyemwita Bwana Filimbi kwa filimbi yake ya kutuhimiza kazini, alizigawa mwenyewe. "Vuteni jamani, ni jasho lenu!" Yeye hakuvuta hata siku moja. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kukatia tumbaku, mke wangu kwenye ya kufungia pakiti. Tukavuta wote wawili. Cha bure ndicho kilichonigharimu mke.

Alianguka palepale mashineni. Moyo. Wakubwa wakaleta shada na hotuba. Neno sigara halikutajwa.

Baada ya msiba binti yangu akanikokota hospitali. Daktari akanibandika nyaya kifuani.

"Mzee wangu, vuta pumzi taratibu. Haya, toa." Akatazama kioo cha mashine. "Moyo mzima huharakisha kidogo ukivuta pumzi, hupoa ukitoa. Wako unagonga vilevile tu, kama mashine."

"Si ndiyo vizuri?"

"Hapana. Iko mishipa ya fahamu inayouhimiza moyo, na iko inayoutuliza. Sigara imemziba mdomo mtulizaji."

Nikacheka. Kumbe hata kifuani mwangu wamemweka Bwana Filimbi!

"Na akiacha?" binti akauliza.

"Moyo utarudi kuitika pumzi, kidogo kidogo. Asipoacha, atamfuata mama yako."

Nikaacha. Si kwa hofu, kwa ukaidi: hotuba ya pili hawaipati. Nilikuwa nimeshastaafu, lakini dereva wa kiwanda aliendelea kuniletea pakiti za wastaafu, nikazipanga dirishani bila kuzifungua.

Wiki zikapita. Alasiri moja nimejilaza, kiganja kifuani, nikausikia: haraka, polepole, haraka, polepole. Umerudi! Nikabana pumzi niusikilize vizuri.

Ukaendelea.

Mimi sipumui, na moyo unapanda na kushuka, unafuata pumzi ndefu isiyo yangu. Nikaijua. Mke wangu alilala kushoto kwangu miaka yote, na mwisho wa kila pumzi alikuwa anasita, kama mtu aliyesahau jambo. Moyo wangu nao ulisita hivyohivyo.

Nikarukia dirishani, nikafungua pakiti moja. Nilijua sigara moja tu ingeinyamazisha pumzi hiyo. Nikawasha kiberiti.

"Baba! Umeanza tena?" Binti kasimama mlangoni.

"Kuna mtu humu."

"Humu wapi?"

Nikauvuta mkono wake, nikauweka kifuani, nikabana pumzi. Akafumba macho.

"Mama alikuwa anasita hivi," akanong'ona.

Nikakipuliza kijiti. Wale wa kiwandani walimnyamazisha mara moja, inatosha. Pakiti zote binti alizitupa chooni.

Siku hizi silali katikati ya kitanda, namwachia upande wake wa kushoto. Ila kule kusita kunarefuka, kila siku kidogo, na moyo wangu unamsubiri.