Sarafu za Shangazi Zilivyotakata

Mtaani walimwita Jicho, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa ya ajabu kidogo: watu walimletea sarafu kuukuu za fedha, zile zilizopita mikononi na mifukoni mwa watu miaka na miaka, naye akawaambia kama zimewahi kusafishwa au la. Hakununua wala hakuuza. Wakusanyaji wa sarafu za kale wanazitaka na weusi wake, vilevile zilivyozeeka. Ukiisugua sarafu ing'ae, mkusanyaji atakuachia uitazame mwenyewe inavyong'aa, maana yeye haitaki tena.

Kazi hiyo aliifanya sebuleni, kwenye meza iliyosogezwa hadi dirishani, yenye kitambaa cheusi, taa ya shingo ya kupinda, na lenzi aliyoibana jichoni. Zamani aliipenda. Siku hizi alikuwa hoi. Mama mkwe wake alikuwa amehamia kwao tangu akili zianze kumpotea, na mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alionekana nyumbani kama mgeni wa heshima: anakuja, anakula, anampa mama yake pole, anaondoka. Wifi yake naye alisaidia kwa simu. Alikuwa na ushauri wa kila namna, isipokuwa ule wa kuja.

Mama mkwe alifanya kazi ya usafi hospitalini maisha yake yote. Mengi yalikuwa yamemtoka kichwani, lakini mikono haikusahau kitu. Alifuta vitasa, alisugua vijiko, alifua nguo ambazo Jicho alikuwa ndiyo kwanza azianue. Akiamka yeye, Jicho naye huamka, na aliamka hovyo hovyo.

Asubuhi moja alikuja fundi cherehani, mwanamume wa makamo, tepu ya kupimia bado iko shingoni kama mtu aliyetoka dukani kwa haraka. Mkononi alikuwa na kifuko cha ngozi.

"Dada, hizi kaniachia shangazi yangu aliyenilea. Kuna mzee mmoja anazitaka, lakini kasema wewe uzitazame kwanza. Zilizosafishwa hataki hata kuziona."

"Shangazi alikuwa mtu wa kusuguasugua vitu?"

Fundi akacheka. "Shangazi? Yule sufuria zake zilikuwa nyeusi nje na ndani."

Jicho akamimina sarafu juu ya kitambaa, akachukua moja, akaishika kwa ukingo na kuigeuza polepole chini ya taa. Ilikuwa imelika hasa; pua na shavu la mtawala aliyechorwa pale vilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichokaribia kuisha. Uso wa sarafu ulikuwa wa kijivu, na weusi umejaa kuzunguka herufi. Mikwaruzo ilikuwepo, lakini ilielekea kila upande, mirefu kwa mifupi, kama ya sarafu yoyote iliyogombana na funguo mfukoni.

"Hii iko salama," alisema. "Ila siwezi kuzisemea zote kwa kutazama moja. Niachie, urudi jioni."

Fundi alipoondoka tu, mama mkwe akaita. Alikuwa amejilowesha. Jicho akampeleka bafuni, akamwogesha, akambadilisha nguo, akafua shuka, akamlisha, akamlaza. Kisha akakaa pembeni yake kitandani, avute pumzi kidogo. Usingizi ukamchukua mzimamzima.

Aliamshwa na sauti: kwaru, kwaru, kwaru. Kitanda kilikuwa kitupu.

Mama mkwe alikuwa ameketi mezani, mgongo umenyooka, mikono ya gauni kaikunja hadi viwikoni, mbele yake dawa ya meno na kitambaa cha jikoni. Sarafu zilikuwa zimepangwa mstari, nyeupe kama magamba ya samaki.

"Umeamka, mwanangu? Nilikuona umechoka, nikasema nikumalizie kazi." Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Jicho hakuwahi kuiona tangu ahamie.

Jicho alifoka. Maneno aliyokuwa akiyameza muda wote huo yakamtoka kwa mkupuo. "Mama, umeniua! Hivi ni vitu vya watu! Huwezi kutulia japo mara moja? Mara moja tu nilale?"

Mama mkwe akaiweka mikono mapajani.

"Nisamehe, bosi," akasema kwa sauti ndogo. "Usinifukuze kazi."

Hasira ikamwishia Jicho palepale, akabaki na uchovu mtupu. Alimfuta mama mkwe mikono, akamrudisha chumbani, akamwambia hakuna anayefukuzwa. Ilibidi amwambie mara kadhaa.

Kisha akarudi mezani, akajikaza kisabuni. Alizisuuza sarafu kwa maji, akazikausha kwa kuzigusisha kitambaa bila kufuta, akabana lenzi jichoni. Mkono wa mama mkwe ulionekana waziwazi: mizunguko midogomidogo, mipya, mmoja juu ya mwingine, na unga mweupe wa dawa ya meno ukiwa bado umeng'ang'ania kwenye pembe za herufi. Lakini kwenye baadhi ya sarafu, chini ya mizunguko hiyo, kulikuwa na mikwaruzo mingine. Hii ilinyooka, yote ikielekea upande mmoja, na kingo zake zilikuwa zimelainika kwa kushikwashikwa. Kuna mtu alizisugua zamani sana, pengine kabla hazijamfikia shangazi, halafu zikarudi kutumika na kuwa nyeusi tena. Hizo ziliharibika siku nyingi. Zilizobaki, pamoja na ile ya asubuhi, hazikuwa na kitu chini ya mizunguko. Hizo zilikuwa nzima mpaka yeye aliposinzia.

Wifi akapiga simu kujua mama anaendeleaje. Jicho akamweleza yote.

"Basi mwambie fundi zote zilisuguliwa zamani," wifi alisema. "Si nyingine ni kweli? Nani atabisha, na wewe ndiye Jicho?"

Jicho alizitazama sarafu mezani. Aliona uongo ule ulivyo mwepesi. Angeweza kuusema hata bila kuinuka kitini. Alitamani kuusema, si kwa sababu nyingine, ila siku iishe.

"Wifi, njoo ukae na mama kesho," akasema.

Wifi akakumbuka kuwa ana kitu kinaungua jikoni.

Fundi aliporudi, Jicho alimpokea mlangoni na kumwambia moja kwa moja, kabla hajakaa. Fundi alisimama mbele ya meza, macho yamemtoka, mkono umeshika tepu shingoni. Kisha akataka kuona mwenyewe. Jicho akampa lenzi na kumwelekeza aigeuze sarafu taratibu, mwanga uipige kwa ubavu.

Fundi alitazama kwa muda mrefu. "Kama mahameli," akasema. "Mkono ukipita, unaona ulikopita."

"Ndivyo. Hizi za upande huu zilisuguliwa zamani, mzee wako asingezichukua kwa vyovyote. Hizi za huku zilikuwa nzima. Zimeharibikia kwangu."

"Ungeniambia zote ni za zamani, ningejuaje?"

"Usingejua."

"Afadhali ungeniambia hivyo!" Fundi aligonga meza kwa kiganja, sarafu zikaruka. "Sasa nimkasirikie nani? Wewe nilikuamini!"

Jicho alizirudisha mstarini. Hapo mlango wa chumbani ukafunguka, mama mkwe akachungulia, kitambaa bado kiko mkononi.

"Zimetakata, baba?"

Fundi alimtazama kikongwe yule, kisha akamtazama Jicho.

"Zimetakata, mama. Asante."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa na kurudi ndani, ameridhika.

Jicho akavuta droo na kutoa sarafu zake mwenyewe, chache alizojiwekea tangu aanze kazi, ambazo hazijawahi kuguswa na kitambaa. Akamwambia achague badala ya zile zilizoharibika. Fundi hakukataa kwa adabu wala nini. Aliketi, akavuta taa, akaziangalia moja baada ya nyingine, na moja akaisukuma pembeni.

"Hii ina kitu."

Jicho akaitazama. "Huo ni mkwaruzo wa mfukoni tu, fundi."

"Hata hivyo. Nipe ile."

Jicho nusura acheke. Fundi akafunga alizochagua, na za shangazi yake pia akazichukua, zile zilizong'aa. Mlangoni akageuka, sauti yake bado ina ukali.

"Huyu mama si wa kuachiwa mtu mmoja, dada."

Alipokwisha kwenda, Jicho alimpigia mumewe. Mume alisema yuko anapakia mzigo, atakuja mwisho wa mwezi.

"Sikuulizi, nakwambia. Usipokuja kesho kutwa, nitamleta mama hapohapo kwenye yadi ya malori. Pamoja na begi lake."

Mume akacheka. Mkewe hakucheka, na kicheko cha mume kikafa taratibu kwenye simu.

Mume alikuja, na vumbi la barabara miguuni. Hawakugombana, Jicho hakuwa na nguvu hizo. Walikubaliana mume aombe kazi ya safari za karibu, hata kama mshahara utapungua, na kwamba wifi atachukua siku zake, atake asitake. Kisha Jicho akamkabidhi beseni na taulo, akamwonyesha bafu kwa kidevu.

Akajilaza kitandani na nguo zake. Kupitia ukutani alisikia maji, na sauti ya mumewe isiyojua la kufanya.

"Mama, inua mkono. Siyo huo. Huo mwingine."

"Wewe ni nesi mpya?"

"Mimi ni mwanao, mama."

"Basi maji yana baridi, mwanangu."

Kwenye mlango wa sebuleni mtu alibisha hodi, bila shaka mteja. Akabisha tena, kwa nguvu zaidi. Jicho alimsikia vizuri kabisa. Akageukia ukutani, akajivutia shuka hadi shingoni, akafumba macho.