Dirisha Lililoshiba

Mshonaji alikuwa barazani kwake, akitia lesi kwenye gauni la bibi harusi, pale dirisha la jirani lilipocheua.

Lilikuwa dirisha la kisasa, vioo vilivyopinda na kutokeza nje ya ukuta kama tumbo la mtu aliyelegeza mkanda. Jirani huyo, mkandarasi, alipojenga nyumba yake alilitokeza kidogo tu. Lakini watu wa nyumba ile walikuwa walaji, na kila baada ya chakula cha mchana dirisha lilizidi kuvimba. Lilivuka ua, likameza kamba ya nguo. Kukiwa na joto lilitoka jasho la mafuta, la manjano, zito, likidondoka barazani, na mshonaji akawa anashona huku amebana pua. Kilikuwa kinyaa kitupu.

Hakuwa na pengine pa kushonea. Chumbani kwake giza lilikuwa la kutiana vidole machoni. Akaenda kulalamika, na mkandarasi akamsikiliza huku akijichokoa meno.

"Dada yangu, mimi sijasogeza hata tofali," alisema. "Limekua lenyewe."

"Basi punguzeni kula."

Mkandarasi alicheka mpaka akashika mbavu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huyu hata kumjua hakutaka.

Afisa wa ardhi alikuja, akalishwa kwa mkandarasi, ndipo akapima. Akaamua kwamba mpaka ni pale dirisha linapoishia. Kabla hajafunga mkoba wake, likavimba tena.

Wiki iliyofuata liliifikia cherehani. Kioo kilimpitia mshonaji mwilini, laini, vuguvugu, kama utando wa maziwa, kikajifunga nyuma yake. Hakuacha kushona, maana gauni lilitakiwa jioni. Humo ndani kulinuka mchuzi uliolala.

Mke wa mkandarasi akatokea na wageni wake.

"Fundi, humu ndani hatuvai viatu," alisema.

Mshonaji akavua. Akakanyaga sakafu ya baraza yake mwenyewe, mafuta yakampenya kati ya vidole vya miguu.

"Na ukimaliza, kipanguse kioo."

"Haya, mama."

Wageni walimtazama kwa furaha. Walisema amelipendezesha dirisha, utadhani lilijengwa kwa ajili yake.

"Asanteni," alisema mshonaji, na neno hilo likamchefua kuliko mafuta yote.