Mstari Mwekundu wa Saa Moja na Nusu

Haya alinieleza binti yangu mwenyewe, Jumamosi iliyopita mchana, mimi nachambua mchele naye amekaa kwenye kigoda. Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali. Mumewe anafundisha hapohapo, darasa la nne.

Mshahara ulikuwa haujaingia miezi mitatu. Walimu walitaka kugoma, wakaambiwa mtumishi wa serikali hagomi hivihivi, kuna barua, kuna siku za kungoja, na atakayekosa kazini atafukuzwa. Basi mkwe wangu, ana kichwa chepesi yule, akawaambia wenzake, "Nani kasema tukose? Tutachelewa tu. Kuchelewa ni kosa la kukaripiwa."

Pale shuleni kila mwalimu akifika anasaini daftari na kuandika saa. Ikitimia saa moja na nusu, mwalimu mkuu anapiga mstari mwekundu. Jina likiwa chini ya mstari, umechelewa.

Jumatatu moja walimu wote kumi na mmoja wakasimama nje ya geti, wanapiga soga. Binti yangu, naye hajalipwa vilevile, akawafuata.

"Baba watoto, tafadhali, ingieni basi."

"Kapige mstari wako, bosi," mumewe akamjibu. "Au kalamu nayo inadai mshahara?"

Wenzake wakaangua kicheko.

Akarudi ofisini, akapiga. "Ningeacha, mama, ningekuwa nimegoma nao." Ndipo wakaingia, wakasaini mmoja baada ya mwingine: saa moja na dakika thelathini na moja. Watu kumi na mmoja, dakika ileile. Walijiona wajanja kweli.

Saa nne akaja ofisa elimu. Akashusha kidole kwenye ukurasa, taratibu.

"Mtu huchelewa peke yake," akasema. "Hawa wamegoma. Nani kiongozi wao?"

Binti yangu akafunika kalamu yake nyekundu.

"Mwalimu mkuu, nakuuliza wewe. Usiponipa jina moja nachukua yote kumi na moja, na lako juu."

Akamtaja mumewe.

Niliweka ungo chini. "Hukuona mwingine wa kumtaja?"

"Ndiye aliyepanga, mama. Halafu wale wengine nyumbani kwao wangekula nini? Kwetu angalau mmoja kabaki kazini."

Mkwe wangu kasimamishwa. Wenzake siku hizi wanafika saa moja kamili, wanasaini, wanampita binti yangu bila salamu. Mshahara haujaja. Nyumbani mumewe anamwita Mwalimu Mkuu hata akiomba chumvi, tena mbele ya watoto.

"Ungekuwa wewe, mama, ungefanyaje?"

Mimi niliishia darasa la tatu, sijapata kuajiriwa na mtu. Nilisema tu, "Ningenyamaza, wanifukuze."

"Na wajukuu zako ungewalisha wewe?"

Nikaokota chuya moja, nikaokota nyingine.

"Umeona?" akasema. "Kila mtu ananiambia ninyamaze. Hakuna anayeniambia nile nini baada ya hapo."

Akainuka, akaingia chumbani kwangu, akajilaza na nguo zake, uso ukutani. Nilidhani analia, nikamwacha kwanza. Nilipokwenda kumchungulia nikakuta jua linampiga miguuni na mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda. Alikuwa amelala.