Kwelea au Kwezi

Watu wa Ringwani husamehe upesi, lakini kusahau? Thubutu!

Mwaka jana mimi, Nyamhanga, nikiwa zamu ya kulinda mashamba, nilipiga debe nikapayuka, "Kwelea! Kwelea!" Na kwetu likitajwa jina hilo la ndege wamalizao nafaka, risaga nzima, yaani nyumba kumi na mbili tunaosaidiana kazi, huacha kila kitu na kukata mtama shamba kwa shamba kabla ndege hawajatua. Tukakata, punje zikiwa bado na maziwa. Ndege wenyewe wakapita zao bondeni kuwinda wadudu. Kumbe mbayuwayu! Mtama ukaota ukungu ghalani, tukala mihogo hadi tukaichukia.

Nilitukanwa, na nilistahili. Basi nikaapa kwamba ndege hawatanidanganya tena. Kila jioni nilikaa kwenye kichuguu nikitazama wanavyopiga mabawa na kusikiliza wanavyolia. Mke wangu, Gati, alichoka nami. "Wenzako wanafunga mbuzi, wewe unahesabu kunguru," alisema. Nami nilimjibu ovyo, maana sina subira.

Alhamisi iliyopita ilikuwa zamu ya Heche, mwenzetu wa risaga, kulinda. Saa kumi jioni debe likalia. Kufumba na kufumbua watu wote wako pembeni ya shamba langu, visu mkononi, kwa sababu ndilo la kwanza upande wanakotokea ndege. Mtama wangu ulibakiza siku nne tu. Ukikatwa, yale yale ya mwaka jana. Ukiachwa, na kweli wakiwa kwelea, hadi jua litue tumebaki na mabua, mimi na wanangu watano.

Nikatazama juu. Wingu la ndege lilikuja kutoka upande wa mbuga, jeusi, linajikunja na kujikunjua.

"Asikate mtu!" nikasema.

Heche akacheka kwa hasira. "Mwaka jana uliona mbayuwayu ukasema kwelea. Leo unaona kwelea, utasema ni kuku?"

"Funga mdomo, Heche, utazame mabawa! Kwelea hapumziki, anapiga-piga tu mpaka atue. Hawa wanapiga, halafu wanayanyoosha na kuteleza. Na bawa limechongoka. Ni kwezi hawa, kwezi wa kijivu, wanaokula wadudu!"

"Baba Ryoba," Gati akanong'ona, kisu chake kimeshagusa bua, "watoto watakula nini ukikosea?"

Swali hilo lilinichoma. Kusema kweli niliogopa. Macho yalishanidanganya mara moja. Nikayafumba, nikasikiliza. Kundi la kwelea lina kelele moja isiyokatika, kama mvua juu ya bati. Hawa walikwaruza, wakanyamaza, wakakwaruza tena, kama baiskeli iliyokosa grisi.

"Mama Ryoba, weka kisu chini," nikasema. "Tafadhali."

Neno tafadhali halitoki kinywani mwangu kila siku. Akaniangalia, akaangalia mtama, akakiweka.

Heche akatema mate. "Haya, shamba lako, njaa yako! Sisi twende kwangu tukakate." Lakini hakuna aliyeondoka, maana ndege walishafika. Wakazunguka mara mbili juu ya vichwa vyetu, wakashuka wote kwa pamoja katikati ya mtama. Agustina, jirani yetu mjane, akajifunika uso kwa kanga.

Hawakugusa suke hata moja. Walitua chini kabisa, wakawa wanatembea kati ya mistari kwa madaha, wanadonoa panzi. Panzi wale wale waliotusumbua mwezi mzima!

Lo, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Watu wakarudisha visu kwenye ala, mmoja mmoja.

Heche akaja karibu nami, sauti imepoa. "Ile sauti yao, ndugu yangu, ulisema ikoje?"

Nikafungua kinywa nimweleze, lakini wote walishaanza kuongea kwa mpigo: Agustina anamshukuru Mungu, wengine wanabishana juu ya mabawa. Juu yetu, upande wa magharibi, kundi jingine lilikuwa linakuja.

Gati akainua mkono.

"Nyamazeni nyote," akasema. "Mume wangu anasikiliza."