Mikono Isiyo na Uso

Filamu ile ilikuwa ya dakika kumi na moja, na haikuwa na sauti. Sauti yake ilikuwa Sista Zenebech. Kwa miaka kumi na mitatu alisimama kando ya ukuta mweupe wa darasa la ukunga, fimbo mkononi, akiwaeleza wanafunzi wanachokiona: kitanda, magoti ya mama, mikono ya mkunga ndani ya glavu. Uso wa mkunga haukuonekana hata mara moja. Hakuna mwanafunzi aliyejua kwamba mikono ile ilikuwa ya Sista mwenyewe.

Aliyejua ni Ato Demissew, fundi wa mitambo wa chuo, maana kamera aliishika yeye. Walikuwa wametumwa hospitali kurekodi uzazi wa kawaida, kitu kizuri cha kuwaonyesha wanafunzi. Zenebech alikuwa na miaka ishirini na sita, mkunga hodari, na tusimfichie aibu yake, kichwa kilikuwa kimemvimba kwa kuchaguliwa. Mtoto alipotoka alimgeuza aelekee kamera. Akamfuta, akamfunga kitovu taratibu, akieleza kila hatua kwa madaha kama mtangazaji wa redio. Nyuma ya mgongo wake mama alikuwa anatokwa damu. Zikapita dakika nne kabla hajageuka. Mama yule aliitwa Tsehaynesh, na nyumbani alikuwa ameacha watoto wawili wanaomngoja.

Kamati ilikaa, ikaandika kwamba alikufa kwa kutokwa damu, ikafunga jalada. Zenebech mwenyewe ndiye aliyeomba filamu ifutwe sauti, ifundishwe kama somo la damu baada ya kujifungua. Mume wa marehemu alikubali, akisema angalau wengine wapone. Tangu hapo Zenebech hakuzalisha tena, akahamia darasani. Wakubwa walimsifu kwa wazo lake, na sifa zile hazijamshuka kooni mpaka leo.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Dakika ya tisa aliisimamisha picha, akawaambia kwamba mama yule alikufa, wanafunzi wakaandika kwenye madaftari walichokiona, kisha wakasimama mmoja mmoja kusoma. Na kila mwaka waliirarua mikono ile vipande vipande. Yeye alisikiliza, akijiambia ni haki yake. Lakini moyoni alikuwa anangoja jambo moja, na alilionea haya: mtu mmoja tu, katika madarasa yote yale, aitetee mikono ile. Asingetaka zaidi ya hapo.

Asubuhi moja mvua kubwa ilikuwa inaupiga mji wa Dese tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka madirishani. Ato Demissew aliunganisha nyaya huku akinung'unika. Alimwambia Zenebech kwamba kuna video mpya zimeletwa, zenye midoli ya plastiki na maelezo safi, na kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mtu kujichapa kila mwaka mbele ya watoto wa watu.

"Umejiadhibu vya kutosha, dada yangu," alisema. "Hata gerezani watu hutoka."

Zenebech alimwambia azime taa.

Filamu ikaenda. Mtoto akatoka, mikono ikamwinua, ikamgeuza, ikampangusa kwa upendo. Pembeni ya picha, pale ambapo mtu haangalii asipoambiwa, matone yalianza kudondoka kutoka ukingo wa kitanda. Yakawa mchirizi. Mikono ikaendelea na kitovu. Dakika ya tisa Zenebech akaisimamisha, taa zikawashwa, na kalamu zikaanza kukimbia.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mengistab, kijana mwenye mdomo mrefu ambaye darasa lilimpenda kwa hilo. Alisoma sawasawa: mkunga hakukanda tumbo, hakuchoma sindano ya kuzuia damu, hakutazama damu. Kisha akafunga daftari na kuongeza la kwake.

"Mikono hiyo, Sista, ingebaki jikoni ikoroge unga wa mkate wa injera."

Darasa likacheka. Sista akasema jibu ni sahihi, akae. Wakafuata wengine sita, na hakuna aliyekuwa na huruma. Halafu akasimama Etagegn, msichana mpole kutoka milimani, sweta lake bado limelowa, ambaye muhula mzima hakuwa amesema maneno kumi.

"Mimi simlaumu," alisoma. "Mama akijifungua, hata yeye mwenyewe anauliza kwanza mtoto yuko wapi. Mkunga alifurahi, akamtazama mtoto. Shangazi yangu alikufa hivihivi mikononi mwa bibi yangu, na bibi amezalisha kijiji kizima. Siku ikifika imefika. Huyu mkunga hakumuua mtu, na kama bado yuko hai, ningependa aambiwe hivyo."

Zenebech alishika ukingo wa meza. Macho yalimjaa maji, ikabidi ajifanye anatazama dirishani. Miaka kumi na mitatu, na neno lenyewe limetoka kwa mtoto huyu aliyelowa. Alitaka kukaa chini. Alitaka kumwomba alisome tena, polepole. Kule nyuma Ato Demissew alivua kofia yake, akamwinamishia kichwa kama anayemwambia: lipokee.

Msichana mmoja akasema Mungu amrehemu mama huyo. Mengistab akakuna shingo na kukiri kwa sauti ya chini kwamba labda Etagegn ana hoja, saa ya mtu haina daktari. Wengine wakaitikia. Zenebech akageuka na kuona wawili watatu wakiandika maneno yale, siku ikifika imefika, na hapo ndipo moyo wake ulipoingia baridi. Baada ya miezi miwili, akishahitimu, Etagegn angekuwa peke yake katika zahanati ya mlimani, nusu siku kwa miguu kutoka barabarani. Mama angejifungua. Etagegn angefurahi, angemtazama mtoto.

"Si kweli, mwanangu," alisema.

Etagegn alikuwa bado amesimama. Zenebech alimwambia kwamba siku ya mama yule haikuwa imefika hata kidogo. Mapigo yake yalikuwa mazuri, damu yake ilikuwa nzuri, na sindano ilikuwa mezani, hatua mbili kutoka kitandani. Mkono mmoja ungewekwa tumboni dakika ya kwanza, ukamkanda mpaka mji wa mimba ukakaza, mama angerudi kwa watoto wake.

"Kwa hiyo mkunga ndiye aliyemuua?" aliuliza Etagegn. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kuandika kilicho sahihi.

Yalikuwepo mengi ya kusema. Kwamba alikuwa bado kijana, kwamba kamera ilikuwa mbele yake, kwamba alitumwa. Ato Demissew alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, kofia ameikunja mkononi.

"Ndiyo," alisema Sista Zenebech. "Mkunga ndiye aliyemuua. Andikeni."

Wanafunzi arobaini na wawili wakainama. Etagegn akaketi, akachukua rula, akaikata sentensi yake kwa mstari ulionyooka, na chini yake akaandika alivyoambiwa. Kisha akanyoosha mkono, akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

"Litatoka," alisema Sista.