Chumvi kwenye Boga

Hulkar alirudi kutoka Urusi wakati maboga yameshapandishwa juu ya paa na pilipili nyekundu zimetungwa kwenye nyuzi kando ya madirisha. Huko alikokuwa alipika kwenye kantini ya kiwanda, masufuria makubwa kama mapipa, akiwalisha wanaume ambao hata majina yao hakuyajua. Aliondoka mwaka ule mumewe Toshpulat alipoanguka kutoka juu ya mti wa jozi akavunjika mguu, na binti yao Barno alikuwa na miaka minne. Sasa Barno alikuwa na saba, meno ya mbele hana, na alikuwa amejificha nyuma ya gauni la mwanamke mwingine.

Mwanamke huyo alikuwa Inobat, mke wa kaka yake Toshpulat. Ndugu hao wawili walikaa ua mmoja katika mji wa Kosonsoy pamoja na mama yao, Bibi Hosiyat. Jiko lilikuwa moja, na tanuri la udongo moja. Inobat alikuwa na wavulana watatu wakubwa, binti hakujaliwa. Hulkar alipoondoka, yeye ndiye aliyembeba Barno mgongoni na kusema, huyu asiwape shida, atalala kwangu.

"Msalimie mama yako," Inobat alimwambia mtoto.

Barno alimtazama Hulkar kwa makini. "Huyu ni mama wa kwenye simu," akasema.

Watu wakacheka. Hulkar naye alicheka, kisha akainama kufungua mabegi ili wasimwone uso.

Jioni ile Inobat alipika manti za boga, vifurushi vidogo vya unga vilivyopikwa kwa mvuke. Kitambaa cha chakula kilitandikwa, chai ikamiminwa, na sinia likaja linafuka mvuke. Unga ulikuwa mwembamba kiasi kwamba rangi ya boga ilionekana ndani. Barno alikaa ubavuni mwa Inobat, akafungua kinywa bila hata kutazama, na Inobat akapasua manti moja, akaipuliza, akamtia mdomoni. Wote wawili walifanya hivyo huku wanaongea na watu wengine, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati lake.

Hulkar alikula moja. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakuweza hata kuitafutia kasoro.

"Umepika vizuri, dada," alisema.

"Ah, boga lenyewe tu la mwaka huu zuri," Inobat akajibu, na akampulizia mtoto nyingine.

Kesho yake Hulkar alimwomba mama mkwe zamu ya jiko. Alitaka kumpikia mwanawe kwa mkono wake. Bibi Hosiyat hakuona ubaya, akamwachia. Hulkar alinunua nyama ya kondoo, akakata karoti, akachagua behi, matunda ya njano yenye harufu, mpaka ua mzima ukanukia, akapika pilau ya behi kama alivyofundishwa na mama yake mzazi. Wakubwa walikula wakaramba vidole. Toshpulat alisema hajala hivyo tangu mguu wake uvunjike. Barno alichota matonge matatu, akasema ameshiba, akaomba ruhusa aondoke.

Hulkar alikwenda kumtafuta. Akamkuta chumbani kwa Inobat, amekaa karibu na jiko la makaa, kikombe cha halua laini ya unga mkononi, vipande vya jozi juu yake. Inobat alikuwa anamchana nywele.

"Si umesema umeshiba?" Hulkar aliuliza.

"Hii si chakula," Barno akasema. "Hii ni halua."

Tangu siku hiyo Hulkar alianza kuhesabu kila kitu. Aliangalia nani Barno anamwita kwanza akitoka shule, na kwa nani anapeleka daftari, na mikono ya nani anaishika wanapokwenda sokoni. Alipika supu ya choroko na mchele, akaweka maziwa mgando juu, mtoto akauliza mbona vitunguu ni vingi. Alitengeneza jamu ya behi, mtoto akaonja, akasema ya Mama Mkubwa Inobat ni nyekundu zaidi. Wakati mwingine Barno alijisahau akamwita Inobat mama, hivi hivi tu, neno fupi, na Hulkar akiwa anamenya karoti kisu kilikuwa kinateleza. Na kila alasiri, mtoto anaporudi na mashavu mekundu kwa baridi, harufu ya halua ilikuwa inatoka chumba kile kile.

Mwishowe akamfuata Inobat kwenye tanuri, akamkuta anabandika mikate.

"Dada Inobat, nina ombi. Usimpe mtoto vitu vitamu kabla ya chakula."

"Mimi simwiti. Anakuja mwenyewe."

"Anakuja kwa sababu kikaango kiko motoni."

"Sasa nizime moto kwa kuwa mwanao ana miguu?" Inobat alibandika mkate mwingine, akachomoa mkono kabla joto halijamshika. "Mtoto huyu ameng'oka meno mikononi mwangu, Hulkar. Homa zake zote nazijua. Unataka nijifanye simwoni anapita?"

"Na mimi niliyekuwa namtumia nguo na viatu, nilikuwa nacheza?"

"Viatu vilikuwa vinambana," Inobat akasema. "Ulikuwa hujui mguu wake umefika wapi. Nilimpa mtoto wa jirani."

Hulkar aligeuza mgongo. Aliondoka akaingia chumbani, akakaa juu ya begi alilokuja nalo.

Baada ya mavuno ya jozi, dada zake Toshpulat walikuwa wanakuja na waume na watoto wao kula sambusa za boga za tanuri. Ilikuwa ni desturi ya nyumba ile kila mwaka majani yanapopukutika. Hulkar alijua kwamba safari hii angepewa yeye kazi ile. Mtu aliyelisha kiwanda kizima hashindwi na shemeji kumi. Lakini asubuhi Bibi Hosiyat aligawa kazi bila kufikiri mara mbili.

"Inobat atatengeneza sambusa, watu wamezoea mkono wake. Wewe Hulkar, mwanangu, kata vitunguu. Wewe ni mwepesi wa kisu."

Alivikata. Machozi yalimtoka, akashukuru kwamba ni vitunguu. Beseni lilikuwa katikati ya jiko, boga limeshakatwa vipande vidogo, mafuta ya mkia wa kondoo, bizari nyembamba, pilipili manga, na chumvi imeshanyunyizwa juu. Alivimwaga vitunguu humo, akatoka kuchota maji. Aliporudi, Inobat na Barno walikuwa uani wanaangalia moto wa tanuri. Mtoto alikuwa amevaa aproni mpya, imeshonwa kwa kitambaa kilekile cha aproni ya Inobat. Walikuwa wanacheka kitu fulani, vichwa vimegusana.

Hulkar aliingiza mkono kwenye mtungi wa chumvi. Alitoa konzi moja, akaitupa kwenye beseni. Akatoa ya pili. Akachanganya kwa vidole mpaka chini, akafuta mkono kwenye gauni, akarudi kwenye ubao wake wa vitunguu. Hakuwaza kitu kingine ila uso wa Inobat mbele ya wageni.

Inobat aliingia, akaanza kukunja. "Boga la mwaka huu linatoa maji," alisema akishangaa. Hakuonja, hakuwa na mazoea ya kuonja mafuta mabichi. Barno alikaa pembeni yake akibana pembe za sambusa, ulimi umetoka kwenye pengo la meno.

Wageni walifika mchana. Sambusa zilitoka kwenye tanuri zikiwa nyekundu, ufuta unang'aa juu. Matluba, mkubwa wa wale dada, ndiye aliyeuma kwanza. Alitafuna, akaacha kutafuna, akanyoosha mkono kuchukua bakuli la chai. Mume wa Inobat, Mahkam, alikuwa mtu wa utani.

"Mke wangu," alisema, "leo umetupikia sisi au umetutia chumvi utuhifadhi mpaka kiangazi?"

Watu wakacheka. Inobat aliuma yake. Rangi ikamtoka usoni, akaiweka chini. Kisha, polepole, akageuka kumtazama Barno.

"Barno. Chumvi uliweka vijiko vingapi?"

Hulkar aliinua kichwa.

"Viwili," Barno alisema. "Kama ulivyoniambia."

"Una hakika?"

"Nilihesabu. Moja, mbili."

"Shule wanamfundisha hesabu gani huyu," alisema mmoja wa wavulana wa Inobat, na mwingine akadakia, "Bibi, mtafutieni mchumba mapema, kabla habari hazijaenea."

"Nyamazeni," Inobat aliwaambia. "Kosa ni langu. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuweka chumvi, na mimi sikumsimamia. Basi, yameisha."

Lakini hayakuisha kwa Barno. Alimtazama Inobat, akaona kwamba hata yeye hamwamini, anamfichia tu aibu. Akainuka, akakanyaga ukingo wa kitambaa cha chakula, akawapita watu wote, akaja mpaka kwa Hulkar. Akamlalia mapajani, uso ndani ya gauni.

"Mama," alisema huku analia, "mimi niliweka viwili tu."

Hulkar alimkumbatia. Kichwa cha mtoto kilikuwa cha moto na kizito, nywele zinanuka moshi wa tanuri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi mtoto huyo kumkimbilia mwenyewe. Akatupa jicho upande wa pili, akamwona Inobat amekaa peke yake, mkono umebaki hewani pale mtoto alipokuwa, na Hulkar akafurahi. Alifurahi kwelikweli, kwa muda ambao mtu humeza funda moja la chai. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona.

"Nilihesabu, mama," mtoto akarudia.

"Najua," Hulkar alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Barno hana kosa. Aliweka viwili. Ni mimi niliyeongeza."

"Uliongeza kwa bahati mbaya," Toshpulat alisema upesi, kama anayemtupia kamba.

"Hapana. Nilijua chumvi imeshawekwa. Niliweka ili Dada Inobat aaibike."

Matluba alianza kukusanya makombo yasiyokuwepo. Barno alinyanyua uso, umelowa, akamtazama mama yake kama alivyomtazama siku ile ya kwanza. Kisha akajitoa mikononi mwake taratibu. Hakwenda kwa Inobat. Alikwenda kukaa kwa bibi yake, akavuta ncha ya shali yake akajifunika.

"Leteni mkate," Bibi Hosiyat alisema hatimaye. "Na jamu ya behi. Watu wana njaa."

Wageni walipoondoka, Hulkar alibeba masinia mawili ya sambusa hadi zizini, maana kondoo hupenda chumvi. Inobat alimfuata na sinia la tatu. Walizimega wakawarushia.

"Ungenimwagia maji ya moto ningeelewa," Inobat alisema. "Mtoto alikuwa anaringa tangu alfajiri. Amewaambia majirani wote kwamba leo chumvi ni yake."

"Sikujua ni yeye."

"Hukujua. Ungejua, ungeniwekea mimi katika kitu kingine."

"Ndiyo," Hulkar alisema. "Ningeweka."

Inobat alirusha kipande kingine. Kondoo mmoja alikuwa anamvuta aproni.

"Ile halua," alisema bila kumwangalia, "miaka yote nilikuwa namtengenezea siku za Ijumaa tu. Uliporudi ndiyo nikaanza kila siku, saa ya kutoka shule. Nilikuwa nasikia pilau yako inanukia, nami nawasha moto. Usifikiri wewe ndiye mwenye wivu peke yako."

"Ulijua alikuwa hali chakula changu kwa sababu hiyo?"

"Nilijua."

Hulkar aliokota jiwe dogo, akalitupa ukutani. Hasira ilimpanda upya, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kama nafuu. Hawakuombana msamaha siku ile.

Barno alikaa muda bila kusema na yeyote kati yao zaidi ya ndiyo na hapana. Alikula kwa bibi yake, mkate na chai na zabibu kavu, na usiku alilala hukohuko. Toshpulat naye alimnunia mkewe, akawa anapita na gongo lake bila kumtazama. Hulkar alipika zamu zake, akaondoa sahani zilizorudi na chakula, hakumlazimisha mtu. Ijumaa Inobat alitengeneza halua, akamletea Hulkar kikombe na kumwambia ampelekee mtoto yeye. Hulkar alikataa. Alisema halua ni yako, mpelekee mwenyewe, mimi nitatafuta changu.

Alichokipata hakikuwa kikubwa. Alimwomba Barno amkumbushe jinsi wanavyobana pembe za sambusa nyumba hii, kwa sababu Urusi mkono wake ulisahau. Mtoto alimkazia macho kwanza. Halafu akavuta kigoda. Alikuwa mwalimu mkali. Alifumua za Hulkar mbili akamwambia azirudie. Chumvi aliiweka yeye, mbele ya wote, akihesabu kwa sauti, na Bibi Hosiyat akaitwa kuja kushuhudia.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Barno alihamisha godoro lake chumbani kwa mama yake. Mto aliuacha kwa Inobat, akasema atakuwa anakwenda na kurudi, na ikawa hivyo.

Alasiri moja aliingia jikoni ametoka shule, viatu vimelowa, vidole vimekufa ganzi. Wanawake wote wawili walikuwemo, Inobat karibu na mlango, Hulkar mbele ya sufuria. Mtoto akamkimbilia aliyekuwa karibu, akamsukumia mikono yake kwapani ipate joto, na Inobat akapiga yowe dogo la baridi na kucheka. Hulkar alihisi kile kitu kikimchoma palepale kilipokuwa kikimchoma siku zote. Akageukia ubao wake, akachukua behi nyingine, akaikata.

"Kuna supu," alisema. "Vueni viatu kwanza."