Mume wa Mwanafalsafa

Mirta Szejner aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake, tena chembamba, lakini wanafalsafa wa Buenos Aires hawakuacha kukijadili. Alidai kwamba ahadi uliyompa mtu hufa pamoja naye, kwa kuwa asiyeweza kuumia hana anachodai. Hakuna aliyewahi kumpinga akashinda.

Mumewe, Osvaldo, alikuwa daktari wa mifugo. Mambo hayo hakuyaelewa, wala hakujifanya anayaelewa.

Ugonjwa ulipomzidi Mirta, asubuhi moja Osvaldo alikuwa akimshikia kibuyu cha chai ya yerba anyonye kidogo, Mirta akasema ghafla, "Nilikosea, Osvaldo. Kitabu kizima."

"Umekosea wapi tena, Mirta wangu?"

Akaeleza. Alianza na suala la uongo, akaingia kwenye mambo ya kudhulumiwa bila kujua. Osvaldo alishika mawili matatu, mengine yakamponyoka. Alipomwomba arudie, mwenzake alikuwa hoi.

"Kesho. Lakini Leandro umwambie. Niahidi."

"Nakuahidi."

Kesho yake sauti haikutoka tena, na wiki haikuisha akafariki.

Leandro Pugliese, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni profesa, aliandaa kongamano la kumkumbuka. Osvaldo akasimama katikati ya ukumbi.

"Alisema alikosea. Alinituma niwaambie."

"Kwa sababu gani, Don Osvaldo?" Leandro aliuliza kwa upole.

"Kulikuwa na kitu kuhusu uongo. Kwamba ukimdanganya mtu, naye asijue kabisa..." Akatafuta maneno. "Yeye angewaeleza vizuri."

"Dawa za maumivu zilikuwa kali, mzee wangu."

"Akili zake zilikuwa timamu!"

Binti mmoja akadakia, "Halafu kwa hoja yake mwenyewe, ahadi hiyo haikubani hata kidogo!"

Ukumbi mzima ukacheka, si kwa ubaya. Ni mzaha ambao Mirta angeupenda. Osvaldo akajikuta anacheka nao.

"Niletee hoja," Leandro alimwambia mlangoni. "Hata nusu yake. Nitaichapisha."

Majira yote ya baridi Osvaldo alikaa na kile kitabu. Toleo jipya lilipotoka, bila neno hata moja kubadilishwa, Leandro alimpelekea nakala nyumbani.

"Umefika wapi, mzee?"

"Kinanishinda. Kila nikidhani nimempata, nikifungua ukurasa wa pili nakuta ameshanijibu."

"Hata sisi anatufanya hivyohivyo."

"Lakini alikosea, Leandro. Aliniambia."

Leandro hakubisha. Alivaa koti lake, akamshika bega, akaondoka.